Nimeanza homoni, mbona bado nalia?

SWALI: Nina miaka 29, mzaliwa wa Mombasa, sasa natunza wazee katika nyumba moja huku Leicester, Uingereza. Nilizaliwa nikaitwa msichana. Mimi ni mwanamume. Nimesubiri kliniki ya NHS, huduma ya afya ya umma ya huku, zaidi ya miaka minne, na sasa niko mwezi wa nne wa sindano za testosteroni, homoni ya kiume. Wiki za kwanza nilikuwa kama niko harusini. Siku hizi wiki moja niko sawa, wiki nyingine nina hasira, silali, nalia chooni kazini. Sauti imeanza kukwaruza. Mama amezoea nimtumie ujumbe wa sauti kila Ijumaa. Nimemwambia nina mafua, na hii ni mara ya tatu. Tangu madrasa nilikuwa naimba kaswida. Sauti ile imekwenda na naililia, na hilo ndilo linalonitisha: je, nimekosea? Halafu Desemba dada yangu anaolewa nyumbani. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, nianze na lile unalolingojea. Kulia mwezi wa nne si ushahidi kwamba umekosea. Si ushahidi kwamba umepatia pia. Hali ya moyo ya miezi ya mwanzo haifai kuwa hakimu wa uamuzi ulioufikiria kwa miaka, na ukiiruhusu ihukumu, itatoa hukumu mpya kila wiki. Barua yako imechanganya mambo ya mwili, ya watu na ya msiba. Kila moja lina njia yake, kwa hiyo niruhusu niyatenganishe.

Naanza na sindano, kwa sababu ndilo jambo jepesi, na kwa sababu sisi wanasaikolojia ndio wa kwanza kulisahau. Soma tena ulivyoandika: wiki moja uko sawa, wiki nyingine hauko sawa. Mtu akiniambia hivyo, kabla sijamuuliza habari za mama yake namuuliza anachomwa dawa gani na kila baada ya muda gani. Uingereza hutumika zaidi aina mbili za sindano. Sustanon huchomwa kila baada ya wiki 3 hivi, pengine 4. Nebido, yenye miligramu 1,000, huanza na sindano ya pili baada ya wiki 6, kisha huwa kila baada ya wiki 12 hivi. Ile ya kwanza hupanda haraka mwilini na kushuka haraka. Siku chache baada ya kuchomwa mtu huwa juu, hata akaona dunia nzima ni yake. Siku za mwisho kabla ya sindano inayofuata kiwango kiko chini, na wengi huwa wachovu, wenye hasira za karibu na huzuni isiyo na jina.

Chukua daftari. Kila usiku andika tarehe, ni siku ya ngapi tangu sindano, umelala saa ngapi, na moyo wako una ngapi kwa kumi. Usiandike hadithi, andika namba tu. Fanya hivyo kwa mizunguko miwili au mitatu. Ikiwa siku mbaya zinaangukia mahali pale pale kila mara, basi sehemu ya tatizo lako ni ratiba ya dawa, na ratiba hurekebishwa: kuna kupunguza dozi na kusogeza siku, kuna kuhamia jeli ya kila siku ambayo haina milima na mabonde hayo. Ipeleke daftari kliniki, na uombe damu ipimwe pia mwisho wa mzunguko, kabla tu ya kuchomwa, ili waone kiwango kinashuka hadi wapi. Usijiongezee dozi mwenyewe hata siku moja. Testosteroni ikizidi hufanya damu kuwa nzito, ndiyo sababu mwaka wa kwanza hupimwa kila baada ya miezi 3 hivi, na ziada yake nyingine mwili huigeuza kuwa estrojeni, homoni ya kike, kitu ambacho wewe huna haja nacho.

Kuna na mambo madogo ambayo hayasemwi kliniki kwa sababu si ugonjwa. Kazi yako ni ya zamu, nyingine za usiku. Mtu asiyelala hulia, awe na homoni au asiwe nazo. Kama unabana kifua kwa fulana maalumu, usiivae kwa zaidi ya saa 8, na usilale nayo. Najua zamu nyingi za nyumba za wazee ni za saa 12, na najua kinachofuata: maumivu ya mbavu, pumzi fupi, na pumzi fupi mwili huisoma kama hofu. Mapumziko ya chakula yatumie kuilegeza mahali pa faragha. Watu wengi huleta kwangu wasiwasi ambao nusu yake ni mbavu.

Halafu kuna umri. Unachopitia ni kubalehe, ila umebalehe ukiwa na miaka 29 na kodi ya nyumba. Kijana wa miaka 14 sauti ikimkatika, wenzake darasani zinawakatika vilevile, wajomba wanamtania, mama anamwongezea chakula, na akifoka bila sababu wakubwa husema ni umri. Wewe yote hayo unayapita peke yako, kati ya watu wasiojua, ukiwa unatarajiwa uwe mtu mzima na umgeuze mzee wa watu kitandani kwa upole saa kumi alfajiri. Chunusi, jasho jipya, njaa, hamu ya mwili iliyopanda ghafla bila kuuliza hodi: vinachosha. Na mwili hauendi kwa kasi ya matumaini. Sauti na ngozi hubadilika ndani ya miezi ya mwanzo, hedhi hukoma kwa wengi ndani ya miezi 6, lakini ndevu huweza kuchukua miaka 4 au 5 kukamilika. Hivyo mtu hukaa muda mrefu katikati, sauti imetangulia, uso umebaki nyuma, na kila anayekutana naye hukisia anavyotaka. Kipindi hicho cha katikati ndicho kigumu kuliko vyote, kuliko hata kusubiri, kwa sababu aliyesubiri bado aliweza kujificha.

Sasa nikupe tafiti mbili. Huko Melbourne, Australia, mwaka 2023 walichapisha jaribio la watu wazima 64 waliotaka testosteroni: nusu walianza mara moja, nusu walisubiri miezi 3, muda wa kawaida wa foleni yao. Walioanza walipungukiwa na sonona, ile huzuni nzito ya kudumu, na mawazo ya kujiua, na ile dhiki ya mwili usiolingana na nafsi, kuliko wenzao waliokuwa wakisubiri. Kwa hiyo usiamini anayekuambia dawa hizi hazisaidii moyo. Lakini soma na ya pili, kutoka Nottingham, jirani zako hapo, iliyochapishwa mwaka 2021. Waliwafuata watu kwa miezi 18 tangu kuanza homoni. Sonona ilipungua waziwazi, na ilipungua zaidi kwa waliokuwa na watu wa kuwaunga mkono. Wasiwasi kwa jumla haukupungua kwa kiasi cha kuhesabika.

Mimi sioni ajabu hapo. Huzuni ya kuishi katika mwili usio wako, homoni huigusa, kwa sababu inaugusa mwili. Wasiwasi una mizizi nje: nani amenitazama, nani atampigia mama, nitabadilishia nguo wapi kazini, hati yangu inasema nini. Mtafiti Ilan Meyer aliandika mwaka 2003 kuhusu mzigo huu wa watu wa makundi madogo, kwamba hauna tu matukio ya kubaguliwa bali pia kule kuyatarajia na kule kuficha, na kwamba kutarajia na kuficha humchosha mtu hata siku ambayo hakuna aliyemgusa. Kwako mzigo huo ni wa tabaka. Kati ya Wakenya wenzako wa Leicester hujulikani kuwa transjenda, yaani mtu ambaye nafsi yake hailingani na jinsia aliyoitwa alipozaliwa. Kati ya transjenda wa Leicester huenda ndiye Mwafrika pekee chumbani. Na Aprili 2025 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba neno jinsi katika Sheria ya Usawa ya 2010 linamaanisha jinsi ya kuzaliwa, na vyoo na vyumba vya kubadilishia nguo vikawa gumzo la kila kazini. Ulinzi dhidi ya kubaguliwa kwa sababu ya kubadili jinsia umebaki katika sheria hiyo hiyo. Lakini nani atatulia kwa kusoma kifungu? Dhiki yako si ya kichwani tu. Usikubali mtu akuambie ubadili mawazo ukapone.

Nifike kwenye kiini. Wanasaikolojia Lazarus na Folkman, mwaka 1984, walieleza kwamba binadamu akibanwa hufanya moja ya mambo mawili, mara nyingi yote kwa zamu: hulikabili tatizo lenyewe, au huishughulikia hali ya moyo inayotokana nalo. Hakuna lililo bora siku zote. Ukiwa kwenye foleni ya miaka minne ambayo huwezi kuisukuma, kutuliza moyo ndiyo akili. Na wewe ulifanya hivyo kwa ustadi: ulijificha, ulikwepa picha, ulikwepa simu za video, ulijaza siku kwa zamu za ziada ili usiwaze. Njia hizo zilikuvusha. Siwezi kumdharau mtu kwa silaha iliyomwokoa.

Shida ni kwamba umevuka nazo. Njia za kusubiri umezileta kwenye kipindi ambacho hakuna tena kusubiri. Zamani kukwepa kulikuwa bei rahisi kwa sababu hakuna kilichobadilika. Sauti ya Ijumaa hii ilikuwa sauti ya Ijumaa iliyopita. Sasa kila wiki kuna kitu kipya cha kuficha, na mafua yana mwisho. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2013, uliowahoji watu 351, ulikuta kwamba waliotegemea njia za kukwepa walikuwa na sonona na wasiwasi zaidi, na waliokuwa na watu wa kuwategemeza walikuwa nafuu. Sisemi uvunje kila mlango kesho. Kuna kuficha kwa mpango, ambako unajua unamficha nani, kwa nini, hadi lini. Kuna kuficha kwa hofu, ambako hujui. Kwa mwajiri asiyehitaji kujua, au jirani mwenye mdomo, ficha kwa mpango na ulale usingizi. Kwa mama yako umekuwa ukificha kwa hofu, na ndiye anayekufanya ulie chooni.

Basi tuzungumze habari ya mama. Yeye hajui chochote kuhusu testosteroni. Anachojua ni kwamba mtoto wake aliye ugenini amekwama koo miezi kadhaa na ameacha kutuma sauti. Mama wa Mombasa akikosa maelezo haanzi kufikiria jinsia. Anafikiria saratani ya koo, kifua kikuu, au kwamba kuna jambo baya umefanyiwa na unamwonea haya. Uongo wa mafua unampa mateso kuliko unavyodhani. Kwa hiyo hatua ya kwanza si kumwambia kila kitu. Hatua ya kwanza ni kuacha mafua. Mtumie ujumbe wa sauti, kwa sauti ulivyo nayo, mfupi: mama, sauti yangu inabadilika kwa sababu ya dawa ninazotumia chini ya daktari, siumwi, hakuna la kuogopesha, na kuna mengine nitakuja kukueleza nikiwa tayari. Yote hayo ni kweli. Yanaondoa hofu ya ugonjwa, na yanakuondolea wewe kazi ya kutunga. Ataulizia dawa gani. Utajibu kwamba ni za homoni, na utarudia kwamba utamweleza. Unaruhusiwa kusema hapana, si leo.

Kwa yale mengine, fikiria namna nyumba zetu za Pwani zinavyopokea habari nzito. Mtoto hamwambii mama jambo kubwa uso kwa uso kwa ghafla, tena kwa simu, tena kwa maandishi. Hupita kwa mtu mzima anayeheshimiwa na pande zote: mjomba fulani mpole, khaloo aliyesoma, dada mkubwa. Wataalamu wengi wa huko watakuhimiza uandike barua ndefu ya kujitambulisha na kuisoma mbele ya wazazi. Kwa familia fulani inafaa. Kwa nyingi nilizozifahamu, imemwacha mama bila mahali pa kupeleka mshtuko wake isipokuwa kumrudishia mtoto. Mpe mama mtu wa kulia naye asiye wewe. Mtafute mmoja, mwambie yeye kwanza, na mpe muda wake wa kushtuka kabla hujamtuma. Usichague Idi wala siku ya msiba. Wala usichague mtu ambaye kundi la familia la WhatsApp ndiyo gazeti lake.

Na jambo moja la pesa, kwa sababu nina hakika lipo ingawa hukulitaja. Ukiwa Uingereza na mama yuko Mombasa, pengine wewe ndiye unayetuma. Wengine hufikiri pesa zitawalinda: hawawezi kunikataa, ninawalisha. Usiitegemee. Huzaa utii wa mdomoni, halafu hutajua tena nani anakupenda. Lakini pia usiongeze kiasi ili kununua msamaha wa kosa ambalo hujatenda. Tuma ulichokuwa ukituma.

Nije kwenye kaswida. Nilikaa na sehemu hii ya barua yako muda mrefu kuliko nyingine. Umepoteza kitu cha kweli. Testosteroni hunenepesha nyuzi za sauti, na hata ukiiacha dawa leo, sauti ya zamani hairudi. Sauti ile ilikuwa na mikono ya mwalimu wako wa madrasa ndani yake, na usiku wa maulidi, na sifa za shangazi zako. Ulikuwa huupendi mwili, lakini sauti ilikuwa mahali pamoja ambapo ulisifiwa na ukaamini. Mtu akipoteza kitu cha namna hiyo huomboleza, hata kama amekitoa mwenyewe kwa kupata kingine anachokihitaji zaidi. Aliyehama kijiji chenye njaa hukililia kijiji, na hatumwambii arudi. Kinachokuchanganya ni kwamba umefundishwa, na kliniki, na mitandao, na hata marafiki, kwamba transjenda wa kweli hana anachokikosa. Huo ni mtihani wa uongo. Aombolezaye husema: nilikipenda kile. Mwenye majuto husema: nataka kurudi kuwa yule. Jiulize swali la pili peke yake, siku ya katikati ya mzunguko ambapo umelala vizuri, si usiku wa kuamkia sindano.

Ukijibu ndiyo, au hujui, hilo si janga. Dawa husimamishwa. Hedhi kwa kawaida hurudi, mafuta ya mwili hurudi yalikokuwa. Sauti na nywele zilizokwisha ota ndizo hubaki. Mwambie daktari, usiache kimyakimya. Utafiti mkubwa wa transjenda wa Marekani wa mwaka 2015, wenye washiriki zaidi ya 27,000, ulichambuliwa baadaye: kati ya waliokuwa wamechukua hatua ya kuthibitisha jinsia yao, asilimia 13 hivi waliwahi kurudi nyuma kwa muda fulani, na zaidi ya wanne kwa kila watano wao walitaja sababu ya nje, kama shinikizo la familia au unyanyapaa. Ulihoji wanaojitambua bado kuwa transjenda, kwa hiyo hauwasemei waliotoka kabisa, nao wapo na wanastahili heshima. Lakini unakufundisha kuuliza: kinachonivuta nyuma kinatoka ndani yangu, au ni mama?

Hapo hapo, ukiwa unawaza mambo hayo, kumbuka kwamba testosteroni si kinga ya mimba, hata hedhi ikiwa imekoma. Na kama hujazungumza na kliniki kuhusu uzazi wa baadaye, uliza sasa.

Kwaya na kaswida hazijafungwa, nikuongezee. Mwaka huu sauti itakukatikia katikati ya ubeti. Usiisukume, kwa sababu kulazimisha kunaumiza koo. Ikishatulia, kwa wengi ndani ya mwaka mmoja au miwili, utakuwa na sauti ya chini ya kujifunza upya, na mwalimu wa sauti au mtaalamu wa matamshi husaidia. Rekodi za zamani usizifute. Wapo wanaozifuta kwa hasira mwezi wa tatu na kuzitafuta mwaka wa tano.

Kuna kitu kimoja kwenye barua yako kilichonisumbua: umesema unalia kazini, hukusema umemwambia daktari. Nadhani najua kwa nini. Baada ya miaka minne ya kusubiri na maswali, watu huogopa kwamba wakisema wana huzuni, kliniki itawanyang'anya dawa. Kwa hiyo hujitokeza kliniki wakitabasamu na kurudi nyumbani kuvunjika. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2022 ya tiba hii haisemi mtu mwenye sonona asimamishwe; inasema asaidiwe, dawa na ushauri nasaha vikienda pamoja. Na Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, limeiondoa hali yako kwenye sura ya maradhi ya akili kabisa. Huzuni yako ni huzuni, si dalili dhidi yako. Iseme.

Na sema mapema ikiwa umekosa usingizi kwa wiki mbili mfululizo, ikiwa pombe imekuwa ndiyo dawa ya kulala, au ikiwa umewaza kufa. Hilo la mwisho halisubiri miadi. Huko Uingereza piga 116 123, Samaritans, saa zote, au 111 na uchague msaada wa afya ya akili. Ikiwa uko hatarini sasa hivi, piga 999.

Hukuniuliza habari za dini, lakini umetaja madrasa, na mimi si shehe. Nitasema la fani yangu tu. Mtafiti Kenneth Pargament aliwatofautisha watu wanaoingia katika dhiki wakimwona Mungu yuko upande wao na wanaomwona anawaadhibu, na wa kwanza huvuka wakiwa salama zaidi. Kama umeacha msikiti kwa sababu hujui usimame safu ipi, basi uswali nyumbani. Usiache msikiti na swala vyote viwili. Uingereza kuna vyama vya Waislamu wa hali kama yako, Hidayah na Imaan, na kuna African Rainbow Family kwa Waafrika. Pale hutalazimika kueleza kwa nini mama ni jambo kubwa namna hii. Kuhusu mitandao, zile picha za kabla na baada, punguza: anayeweka picha mwezi wa nne ni yule aliyeota ndevu mwezi wa nne.

Mwisho, harusi ya Desemba. Utakuwa na miezi kadhaa zaidi ya dawa, sauti imeshuka, uso umeanza kubadilika, na utatarajiwa ukae na wanawake, siku ya hina, kwenye kesha, buibui na yote. Sidhani utaweza kukaa siku zile zote ukiwa yule wanayemtarajia, na sidhani ni busara harusi ya mtu mwingine iwe ndipo watu wanapojua. Ushauri wangu, na wengine watakuambia tofauti: usiende ikiwa hakuna hata mmoja wa nyumbani anayejua. Akiwapo mmoja, yaani mtu mzima mwenye sauti katika familia, basi inazungumzika. Nenda kwa siku chache, tiketi ya kurudi iwe mkononi mwako na pasipoti vilevile, uwe na mahali pa kulala pasipokuwa nyumbani, beba barua ya daktari na dawa katika pakiti yake, na uulize mapema ubalozini kuhusu kuingia nayo. Kuwe na mwenzako hapo Leicester ajue ratiba yako na apigiwe kila siku. Kenya ina historia yake ya watu kama wewe kudai haki mahakamani: Audrey Mbugua alishinda mwaka 2014 hati yake ya mtihani ibadilishwe. Lakini hukumu ya Nairobi haimtulizi mjomba aliyekasirika usiku wa harusi, na wewe huendi kule kushinda kesi.

Na harusi ina mwenyewe. Ikiwa dada ndiye wa karibu zaidi nawe, huenda ndiye huyo mmoja ninayemsema, na ana haki ya kujua kabla hajapanga nani atakaa wapi siku yake. Mpigie. Mwambie yeye kwanza, na umuulize angependa uwepo vipi. Tiketi kata baada ya hapo.